Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Shule na Vyuo vya Tanga, Kujitangaza na Kuongea na Wazazi

Haya ni maswali ambayo walimu wakuu, mameneja wa shule na wakuu wa vyuo wa Tanga mjini, Muheza, Korogwe na Pangani wanatuuliza kila msimu, wengine kwa simu, wengine kwa voisi noti ndefu mpaka chai inapoa. Tumeanza na mepesi, magumu yako chini. Huna haja ya kusoma yote, tafuta lako, na pale ambapo jibu limeshasemwa kwingine tumekuwekea namba ya swali.

## Ya kuanzia

1. Shule yetu ya siku nyingi na watu wanaijua, kujitangaza kwa nini?

Watu wanajua jina tu. Msimamishe mama yeyote pale soko la Mgandini muulize shule yenu iko wapi, atakuelekeza mpaka bajaji za kupanda, halafu muulize ada ya darasa la kwanza na kama basi lenu linafika Pongwe, hapo utasikia "nasikia...". Hiyo "nasikia" ndo kazi yenu yote, maana anaweza akawa amesikia habari za miaka minne nyuma mlipokuwa na shida ya maji, na nyie kisima mmeshachimba zamani ila hamjamwambia mtu.

Na jambo lenyewe Tanga sio geni. Shule ya serikali ya hapa mjini enzi za Mjerumani ilikuwa inachapa gazeti lake la Kiswahili, Kiongozi, mwanzoni mwa miaka ya 1900, likasomwa mbali na hapa. Leo shule ina simu janja kila meza ya staff rum na ukurasa wa Facebook posti ya mwisho ni mahafali ya mwaka juzi. Haya.

2. Hela hatuna kabisa, tuanzie wapi?

Kwenye simu. Ile namba iliyoandikwa bango la getini ipigeni leo nyie wenyewe kwa laini ngeni muone kinachotokea. Tumeshakutana na shule namba ya bangoni ni ya mhasibu aliyeacha kazi, watu wanampigia yuko zake Kahama anauza duka na kwa ustaarabu wake bado anawajibu. Laini iwe ya shule, ikae kwa mtu mmoja anayejua majibu, na pembeni yake kuwe na karatasi yenye ada, umri wa kupokelewa, tarehe za usaili, mahitaji na njia za basi. Mzazi akipiga mara mbili hapokelewi hakungoji, anapiga shule inayofuata.

Kisha Google Maps, ni bure. Anayehamishiwa bandarini au benki kutoka Dar anaanza kutafutia huko kabla hata hajapata nyumba, na akikuta pini ya shule yenu imekaa katikati ya shamba la mkonge atajua tu hawa hawako makini. Mkimaliza hapo pakeni rangi bango la getini. Hivyo vikikaa sawa ndo tuongelee Instagram.

3. Tutangaze miezi gani?

Fuateni kalenda ya mzazi. Darasa la saba wanafanya mtihani Septemba, kwaiyo sekondari ya binafsi inatakiwa fomu za usaili ziwe mtaani Agosti, sababu wiki ile baada ya mtihani mtoto yuko nyumbani anashinda barazani na mzazi ameshaanza kuulizia masomo ya maandalizi ya kidato cha kwanza. Shule inayosubiri mpaka matokeo yatoke inaokota waliobaki. Chekechea na darasa la kwanza ni Oktoba mpaka Desemba, Januari ni ya wachelewaji. Kidato cha tano kinaanza Julai, na wazazi wanahangaika zaidi ikishatoka selekshen ya TAMISEMI wale ambao majina hayajaonekana au wamepangwa mbali.

Alafu kuna kalenda ya hapa hapa. Mzazi wa Muheza mwenye machungwa ana pesa wakati wa mavuno, sio mnapotaka nyie, na shule inayoongea na wakulima kuhusu awamu za ada kufuata msimu inapata watoto ambao wengine wanawakosa. Ramadhani msiite kikao cha wazazi saa kumi jioni, nani atapika futari? Na Ijumaa mchana msipige simu za ada.

4. Tangazo tumlenge nani, baba?

Fomu ina jina la baba ila anayechagua mara nyingi ni mama, bibi anatia neno lake, na anayelipa inawezekana ni mjomba aliyeko Dar au shangazi yuko Muscat. Huyo wa mbali hatakuja kuona shule kamwe. Kwaiyo tengenezeni kitu kimoja kinachoweza kufowadiwa: ukurasa mmoja wenye ada yote, jina la akaunti ya shule, namba ya simu, na kando yake video ya dakika moja ya bweni bila mziki mkubwa juu. Vyoo vionekane! Walimu wakuu wanapenda kupiga picha maabara, lakini kina mama wakija wanauliza choo na maji kwanza, na wa bweni la wasichana wanauliza nani analala nao humo.

5. Tubadilishe logo na kauli mbiu?

Baadae. "Elimu ni ufunguo wa maisha" iko kwenye nusu ya mageti ya mkoa huu na haijamleta mtoto hata mmoja. Mkitaka sentensi ya kujitambulisha basi semeni kitu ambacho mzazi anaweza kuja kukikagua, mfano "darasa la tatu wote wanasoma hadithi nzima bila kusaidiwa", akija mpeni kitabu amchague mtoto yeyote amsomee.

## Hela

6. Ada tuiweke wazi au tuandike "piga simu kwa maelezo"?

Iwekeni wazi, na hapa tunabishana na karibu kila mwenye shule. Hoja yao ni kwamba mshindani ataiona. Mshindani anayo tayari, mke wake ana binamu anasomesha kwenu. Anayefichwa ni mzazi peke yake, na mzazi akiona "piga simu" anajiambia hii sio ya watu kama sisi, anapita, hata kama ada yenu ni ya kawaida kabisa.

Ila kuiweka wazi maana yake iwe yote. Ukiandika ada 1,200,000 kwa mwaka kwa awamu nne alafu mzazi anafika dirishani anakuta hela ya tahadhari, sare za aina tatu, ream za karatasi, mchango wa madawati, chakula na mitihani ya kujipima, huyo hata akilipa ameshaanza kuwasema vibaya kabla mtoto hajakaa darasani. Tengeneza mchanganuo wenye mistari miwili mikubwa juu: cha kulipa siku ya kwanza ni kiasi gani, na cha mwaka mzima ni kiasi gani. Vya kununua nje, kama godoro, ndoo na viatu, viwe chini na mkadirio wa bei za madukani Ngamiani ili mtu asije akanunua kitu kikakataliwa getini.

Kama ada itapanda, semeni mapema kabla mwaka haujaisha na toeni sababu kwa maneno ya kawaida (chakula kimepanda, basi jipya). Kuongeza kimyakimya kwenye fomu ya Januari ndo kunakojaza magrupu, na hapo mtahitaji swali la 21.

7. Redio, gari la matangazo au mitandao, kipi kinalipa?

Inategemea mtoto mnayemtaka anatoka wapi. Mkitaka wa Mkinga, Pangani na vijiji vya Muheza redio bado ina nguvu, mtu yuko shambani redio iko mtini. Lakini badala ya kununua spoti ya sekunde thelathini inayopigiwa kelele na mtangazaji, ombeni nafasi kwenye kipindi, apelekwe mwalimu wa hesabu aeleze mtoto anayeogopa hesabu asaidiwe vipi nyumbani, wazazi wapige simu waulize. Akimaliza hapo hata hajataja ada watu wameshauliza anafundisha wapi.

Gari la spika linalopita Makorora na Mabawa ni zuri kwa jambo lenye tarehe tu, usaili au siku ya wazi, kwa jambo lisilo na tarehe linaishia kuamsha watoto waliolala. Instagram na TikTok ni za wazazi vijana wa mjini.

Njia ya kujua kwa uhakika ni daftari. Kila anayekuja au kupiga aulizwe "umetusikia wapi?" na iandikwe papo hapo. Muhula ukiisha soma daftari, utashangaa, mara nyingi jibu linalojirudia ni "jirani yangu mtoto wake yuko hapa", na bajeti yako yote ya mwaka haikuwa na hata shilingi ya kumfurahisha huyo jirani.

8. Bango la barabarani?

Kabla hujachonga chuma nenda halmashauri uulize kibali na ada yake, na kama ni kwenye hifadhi ya barabara kuu kuna TANROADS, za mitaani TARURA, la sivyo utakuta alama ya X nyekundu. Maneno yawe machache sana. Mtu aliyeko kwenye daladala ya kwenda Kange hawezi kusoma dira, dhamira na picha ya mkurugenzi. Jina, kutwa au bweni, mshale, simu, basi.

9. Tutoe punguzo kwa mzazi anayemleta mwenzake?

Kwa ndugu wa familia moja punguzo ni jambo la heri, liandikwe kwenye mchanganuo ili kila mtu apate sawa. Kumlipa mzazi kwa kila kichwa anacholeta hatulipendi, jirani akijua rafiki yake alilipwa kumshauri, ushauri unanuka. Kwa vyuo hali ni mbaya zaidi, soma swali la 20.

## Simu na mitandao

10. Grupu la wazazi limegeuka soko, tufanyeje?

Yani unaamka unakuta dua, video ya nyoka, vitenge jumla na rejareja, na katikati yake tangazo lenu la mtihani limezama. Fungeni grupu, maadmini peke yao ndo wanaandika, na liwe la darasa, sio la shule nzima, maana mama wa chekechea hana shida na ratiba ya darasa la saba. Wazazi watanuna siku mbili. Wakitaka la kupigia soga watalifungua lenyewe na nyie msiwemo.

Wengine wanauliza kuhusu broadcast, ile orodha ya WhatsApp ya kutuma ujumbe mmoja kwa wengi bila grupu. Ni nzuri kwa sababu mzazi akijibu linakuja kwenu peke yenu, ila orodha moja inachukua watu 256 na ujumbe unamfikia yule tu aliyesevu namba yenu. Hapa ndo shule nyingi zinashangaa mbona nusu hawajapata. Siku ya kusajili mtoto mwambie mzazi asevu namba pale pale mbele yako, ni kazi ya nusu dakika.

Mambo ya mtoto mmoja, deni au nidhamu au ugonjwa, hayaendi kwenye grupu kabisa hata kwa mafumbo. Orodha ya wadaiwa kwenye grupu ni aibu, na inaweza kuwa kosa pia (swali la 14).

11. SMS za kawaida bado zina maana?

Sana. Bando linaisha, kitochi hakina WhatsApp, babu wa Kilindi anayelea wajukuu atasoma SMS. Kuna mambo ya kiufundi kidogo yanayokula hela bila watu kujua: SMS moja ni herufi 160, lakini ukitia emoji hata moja inashuka mpaka herufi 70 na unalipia SMS mbili tatu bila habari. Na sio emoji tu, ile alama ya juu kwenye "ng'ombe" au "ng'ambo" ukiinakili kutoka Word inakuja imepinda na inafanya vile vile, kwaiyo iandike upya kwenye simu. Jina la mtumaji lina herufi 11 tu, msing'ang'anie jina zima la shule pamoja na neno Academy.

Tukio likianza na tarehe litasomwa. "Ijumaa tarehe 14 wanafunzi wa kutwa watatoka saa 5 asubuhi. Basi litawapitisha kama kawaida." Salamu ndefu za "uongozi wa shule unayo furaha kukutaarifu" zinamaliza herufi kabla habari haijafika.

12. Lazima tuwe na tovuti?

Shule ya msingi ndogo inaweza kusubiri, Google Maps na namba ya WhatsApp vinatosha. Sekondari ya bweni na chuo iwepo, hata kurasa tatu. Shule zinaweza kuchukua anwani inayoishia .sc.tz na vyuo .ac.tz, zinaleta heshima kuliko blogu ya bure, na barua pepe ikiishia na jina la shule mtu hawezi kujifanya ni nyie kirahisi. Isajiliwe kwa jina la shule, sio la kijana aliyewatengenezea (tutalirudia swali la 25).

13. Tuposti nini? Tumeishiwa.

Mnaishiwa kwa sababu mnasubiri matukio makubwa: mahafali, mgeni rasmi, kombe. Mgeni rasmi anamhusu mgeni rasmi. Mzazi anataka kuona Jumanne ya kawaida. Mpishi anatoa maharage saa nne, mtoto anaeleza jaribio lake, dereva wa basi anakagua tairi, daftari lililosahihishwa vizuri kwa kalamu nyekundu, hivyo vyote vipo hapo bure. Posti mbili kwa wiki zinatosha ila ziwe kila wiki, na stetasi ya WhatsApp inayokufa baada ya saa 24 itumike kwa vya siku hiyo. Andikeni Kiswahili hata kama ni ingilishi midiamu. Tumeona kurasa zina Kiingereza cha kubahatisha, na mzazi anayejua lugha akiona makosa kwenye posti ya shule inayouza Kiingereza, imekula kwenu.

Na kuboosti, yani kulipia posti iwafikie wengi? Kidogo tu, ya tarehe ya usaili, weka eneo Tanga na wilaya za karibu, umri wa watu wenye watoto. Laiki za vijana wa Mbeya hazijazi madarasa.

## Picha na habari za watoto

14. Picha za wanafunzi tunaweza kuziposti bila kuuliza?

Hapana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, ina Tume yake, na taarifa za watoto zinahesabiwa kwenye kundi la taarifa nyeti. Kinachohitajika sio kigumu: kwenye fomu ya kujiunga weka kipengele cha peke yake, mzazi akubali au akatae picha kutumika kwenye matangazo, asaini, na akikataa asibaguliwe. Shule zinazokusanya taarifa zinatakiwa pia kujisajili kwa Tume, kama hamjafanya ulizieni.

Hata ukiwa na ruhusa tumia busara. Jina kamili, darasa, na kituo anachoshukia basi visikae kwenye posti moja. Watoto wakiwa kwenye nguo za kuogelea pale Raskazone, wagonjwa, au wanalia, usiposti. Mtoto aliyesamehewa ada usimpige picha akipokea msamaha, tunajua mfadhili anapenda, mpe mfadhili barua.

Kuna wazazi wametengana na mmoja hajui mtoto yuko shule gani, na kuna sababu. Hao ndo wanaofanya tusisitize fomu.

15. Picha za watoto kutoka mtandaoni je?

Mzazi anaziona tu. Watoto wa kizungu wenye makoti na nyuma yao theluji, shule iko Majani Mapana. Piga za kwenu kwa simu asubuhi jua halijawa kali.

## Matokeo

16. Tutangaze vipi matokeo mazuri? Tulikuwa tunaandika "wa kwanza kimkoa".

NECTA, baraza la mitihani, iliacha kutangaza shule kumi bora na watahiniwa bora tangu matokeo ya kidato cha nne ya 2022 yaliyotoka Januari 2023, na moja ya sababu ilikuwa hiyo hiyo, shule zinageuza orodha kuwa biashara. Kwaiyo "wa kwanza" mliyojipangia wenyewe kwa kikokotoo haina nguvu, na mwenye shule wa pili naye ana kikokotoo chake.

Wekeni namba nzima. Waliofanya wangapi, divisheni one wangapi, two wangapi, mpaka ziro. "Divisheni one 30" bila kusema waliofanya ni 35 au 180 haina maana. Na one ina ngazi pia, pointi 7 na pointi 17 zote ni one. Kinachotushawishi zaidi sisi ni safari: waliingia kidato cha kwanza na alama gani, wametoka na nini. Shule inayochuja kwa usaili mkali na kufukuza wa wastani kidato cha tatu ili bango lipendeze, wazazi wanaijua, na wale waliofukuziwa watoto wanaongea kuliko waliofaulu.

Jina na picha ya mwanafunzi kwenye bango la matokeo inahitaji ruhusa, rudi swali la 14.

17. Matokeo yakiwa mabaya tunyamaze?

Matokeo yako wazi kwenye tovuti ya NECTA, kila mtu mwenye bando ameshayaona kabla hujanawa uso. Andikieni wazazi wenu siku hiyo hiyo au kesho yake: imekuwa hivi, somo lililotuangusha ni hili, tunafanya hivi kuanzia tarehe fulani. Msilaumu wanafunzi. Wiki mbili za kimya ndo zinazohamisha watoto.

## Vyuo

18. Kutangaza chuo kuna tofauti gani na shule?

Hapa anayeamua ni kijana mwenyewe, ana miaka 18, yuko kwenye simu, na ana swali moja: nitasoma hiki nitafanya kazi gani. Wa pili ni mlipaji, soma swali la 4. Msimu unaanza matokeo ya kidato cha nne yakitoka Januari, unapamba moto selekshen ikitoka, na dirisha la maombi NACTVET (wasimamizi wa vyuo vya ufundi) likifunguliwa kila tangazo liwe na namba ya usajili ya chuo, ngazi ya kozi na sifa za kuingilia kwa masomo kabisa, sio "ufaulu mzuri". Kijana wa D mbili akilipa fomu ya kozi inayotaka D nne mmemdhulumu.

Msiseme kozi "inakuja" kama haijapata ithibati. Wanafunzi waliosoma mwaka mzima kozi ambayo haikuwa na kibali hawasahau na wazazi wao pia.

Mkopo nao usemeni kwa uangalifu: HESLB, bodi ya mikopo, ilianza kukopesha ngazi ya stashahada mwaka wa masomo 2023/24, lakini kwa kozi za vipaumbele, sio zote. Andika kozi zenu zipi zimo, na zile ambazo hazimo sema hazimo.

19. Bomba la mafuta linaishia Chongoleani. Tunaweza kuandika "soma kwetu upate ajira EACOP"?

Tafadhali msifanye. Bomba la kutoka Hoima Uganda lina urefu wa kilometa 1,443 na ni kweli linaishia hapa kwetu, na ni kweli ujenzi uliajiri mafundi, ila ujenzi una mwisho na kazi za kuendesha ni za watu wachache wenye vyeti maalumu. Chuo cha uchomeleaji kinachoandika "ajira uhakika" kinauza kitu ambacho hakina.

Semeni mlichonacho: wahitimu wa mwaka juzi walikuwa wangapi, tuliowapata kwa simu wangapi, wanafanya nini na wapi, wakiwemo waliojiajiri na wanaotafuta bado. Wapigieni kweli. Hii kazi inachosha na ndio maana haifanywi, na chuo kinachoifanya kinapata maneno ya kusema mwaka mzima, kijana anachomelea mageti Nguvumali ana karakana yake ni tangazo kubwa kuliko picha ya tanki la mafuta.

20. Kuna watu wanatuletea wanafunzi kwa komisheni, tukubali?

Mawakala hawa wanazunguka vijijini wanaahidi vitu ambavyo nyie hamjasema: hosteli bure, mkopo kwa wote, kazi ukimaliza. Kijana akifika akakuta sivyo anamlaumu nani? Chuo. Kama lazima mtumie watu wa nje basi wawe na maandishi yenu mkononi, wasipokee hela hata mia, malipo yote kwa kontroli namba au akaunti ya chuo, na kila anayekuja aulizwe aliambiwa nini. Bora zaidi tumeni wanafunzi wa mwaka wa pili waende likizo shule walizotoka, mkiongea na mkuu wa shule kwanza.

## Yale ya kuumiza kichwa

21. Kuna uvumi unazunguka WhatsApp kuhusu shule yetu.

Angalia kwanza una ukweli kiasi gani. Ukiwa na ukweli nusu, semeni hiyo nusu wenyewe. Kama ni uzushi mtupu, jibu fupi moja lenye jina la mwalimu mkuu litumwe kwa wazazi wenu, na mzazi yeyote akaribishwe aje aone. Msisambaze skrini ya uzushi wenyewe mkiwa mnaukanusha, mnauongezea miguu. Kutishia polisi kwenye grupu la kina mama wa chekechea, jamani.

22. Limetokea jambo zito: ajali ya basi, moto, mtoto kupotea. Nani aseme nini?

Mzazi wa mtoto husika anajua kwanza, kwa simu, kutoka kwa mtu mzima anayemfahamu, kabla ya grupu na kabla ya redio. Hili halina ubishi. Kisha wazazi wengine wapate ujumbe mfupi: nini kimetokea, watoto wako wapi, tutawapa habari tena saa ngapi, na hiyo saa ikifika muandike hata kama hakuna jipya. Msitaje majina ya walioumia, msikadirie idadi, msiseme chanzo. Msemaji awe mmoja na walimu wengine wajue kumuelekeza mtu kwake. Hili linapangwa kabla, orodha ya namba za wazazi iliyochapwa kwenye karatasi ikae ofisini na ndani ya basi, sababu siku hiyo umeme unaweza usiwepo.

Posti za kujitangaza zisimame kabisa. Tangazo la "nafasi bado zipo" likitoka wakati watu wako Bombo hospitali halisameheki.

23. Mzazi ametupa nyota moja Google na maneno makali.

Jibu mara moja, kwa heshima, mwombe namba, msimwage siri za mtoto wala deni lake hapo ("kwanza hujalipa muhula wa pili" tumeiona kwa macho yetu). Wanaosoma wanaangalia mnavyojibu. Na kuwaambia walimu waandike nyota tano ishirini usiku mmoja kunaonekana.

24. Sisi ni shule ya serikali, haya yanatuhusu?

Ya watoto wapya hapana sana, elimu bila ada ipo tangu Januari 2016, wanafunzi mnao mpaka wanabanana. Ya kuongea na wazazi yanawahusu kuliko wote. Mchango wa chakula au wa mlinzi unakwama kwa sababu mzazi ameambiwa elimu ni bure na hakuna aliyekaa naye kumweleza kipi ni cha hiari, nani aliamua kwenye kikao na hela imefanya nini. Bandikeni mapato na matumizi ubaoni, na muhtasari wa kikao usiishie kwenye faili. Mkitaka kwenda redioni pitieni kwa afisa elimu kwanza.

25. Mwalimu wa kompyuta ndo alikuwa anashika kurasa zetu, ameondoka na paswedi. Tufanyeje?

Mtafuteni kwa wema kwanza, wengi wanatoa wakiombwa vizuri na kama hawadai mshahara. Kama anadai, mlipeni. Ukurasa wa Facebook ukipatikana ongezeni watu wawili wenye mamlaka kamili, mmoja awe wa uongozi. Barua pepe iliyofungulia kila kitu iwe ya shule, laini ya simu isajiliwe kwa jina la taasisi maana ya alama za vidole vya mtu ni ya huyo mtu, na paswedi ziandikwe kwenye daftari linalofungiwa na mhuri wa shule. Asipopatikana kabisa fungueni ukurasa mpya, watangazieni wazazi kwa SMS kwamba ule wa zamani sio wenu tena, na bango la getini libadilishwe wiki hiyo hiyo.